Tezi ya Shingo na Kazi ya Misuli

Ikonda ni kijiji kilichoko katika milima ya Ukinga, wilayani Makete, mkoani Njombe. Nchi ya huko imeinuka kiasi cha meta 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi baridi huwa kali, na katika miezi ya Juni na Julai umande huweza kuganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Watu hulima viazi, ngano, mahindi na njegere kwenye miteremko. Njia za huko ni za kupanda na kushuka. Mtoto anayekwenda mtoni kuteka maji hushuka na ndoo tupu, kisha hupanda na ndoo iliyojaa. Kwa hiyo mtoto wa Ukinga huijua vizuri misuli ya mapaja yake.

Sasa wafikirie watoto wawili wa darasa la tano wanaopanda mlima mmoja kutoka mtoni. Umri wao ni sawa, chakula walichokula ni sawa, na ndoo zao ni sawa. Mmoja anapanda bila kusimama. Wa pili anasimama kila baada ya hatua ishirini. Anasema mapaja yake ni mazito, tena yanauma. Usiku misuli ya miguu humkaza hata akaamka. Darasani yeye hubaki na sweta wakati wenzake wamekwisha kuvua. Wenzake humwita mvivu, na pengine hata mwalimu amewahi kumwita hivyo. Mwandishi wa somo hili alifundisha kwa miaka mingi, naye anakiri kwamba neno hilo liliwahi kumtoka kwa haraka mno.

Huenda mtoto huyo si mvivu hata kidogo. Huenda chanzo cha uzito wa mapaja yake hakimo katika mapaja, bali kimo shingoni, katika kiungo kidogo ambacho hakibebi ndoo wala hakipandi mlima. Katika somo hili tutajifunza jinsi kiungo hicho kinavyoiendesha misuli, na mambo yanayotokea kinaposhindwa kufanya kazi yake.

Msuli hufanyaje kazi?

Kunja mkono wako wa kulia, na kwa mkono wa kushoto shika sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko. Utahisi msuli umekuwa mfupi, mnene na mgumu. Unyoshe mkono. Msuli ule ule umekuwa mrefu na laini. Unapokuwa mfupi tunasema umejikaza. Unaporudi katika hali yake ya kwanza tunasema umelegea. Kila mwendo wa mwili, kuanzia kushika kalamu hadi kuruka kamba, hutokana na misuli inayojikaza na kulegea kwa zamu.

Mwili wa mtu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa. Hii ndiyo misuli tunayoiendesha kwa hiari yetu. Moyo na utumbo navyo vina misuli, lakini misuli hiyo hufanya kazi bila kungoja amri yetu, nasi hatutaizungumzia hapa.

Siku nyama ya ng'ombe itakapopikwa nyumbani kwenu, omba kipande kimoja kilichochemka sana, ukichambue kwa vidole kabla ya kukila. Utaona kwamba nyama imefanyika kwa nyuzi nyingi zilizolala pamoja kama nyuzi za kamba ya katani. Ukizidi kuchambua utapata nyuzi nyembamba zaidi. Uzi mwembamba kabisa, ambao huonekana vizuri kwa hadubini tu, ni seli moja ndefu ya msuli.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya msuli ni kujikaza tu, na kwamba kulegea ni kupumzika. Sivyo. Kulegea nako ni kazi, na jambo hili ndilo ufunguo wa somo letu. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna vifuko vidogo vilivyowekwa madini ya kalsiamu. Amri inapofika kwa njia ya neva, vifuko hufunguka na kalsiamu humwagika ndani ya uzi. Hapo uzi hujikaza. Ili uzi ulegee, sharti kalsiamu hiyo irudishwe vifukoni.

Je, umewahi kuchunga mbuzi? Asubuhi ukifungua zizi, mbuzi hutoka wenyewe mbio mbio, wala huhitaji kuwasukuma. Jioni mambo ni mengine. Kuwarudisha zizini ni kazi. Wachungaji wakiwa wengi na wepesi, mbuzi wote huingia mapema. Wachungaji wakiwa wachache na wamechoka, giza huingia mbuzi wangali nje. Ndani ya uzi wa msuli wamo wachungaji vilevile. Hao ni protini zinazofanya kazi kama pampu. Huishika kalsiamu na kuirudisha ndani ya vifuko, na katika kufanya hivyo hutumia nishati inayotokana na chakula. Wakumbuke wachungaji hao, kwani tutakutana nao tena.

Kipepeo wa shingoni

Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, chini kidogo ya kikoromeo. Usibonyeze kwa nguvu. Sasa meza mate. Kikoromeo kinapanda na kushuka, na pamoja nacho hupanda na kushuka kiungo laini ambacho pengine hutaweza hata kukihisi. Hicho ndicho tezi ya shingo, ambayo waganga huiita tezi ya thairoidi. Umbo lake ni kama la kipepeo aliyetandaza mabawa yake mawili juu ya koo. Kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi.

Tezi hii hutengeneza homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi, kikaingia katika damu, kikapelekwa na damu hadi sehemu nyingine za mwili ili kutoa maagizo huko. Homoni kuu ya tezi ya shingo huitwa thairoksini. Ili kuitengeneza, tezi huhitaji madini joto, ambayo katika kemia huitwa iodini. Kila molekuli ya thairoksini ina atomu nne za madini joto. Bila madini hayo hakuna thairoksini, kama vile bila unga hakuna ugali.

Huenda umekwisha kuyaona madini joto. Ndiyo yaliyomo katika kile kioevu cha rangi ya kahawia ambacho huangushwa juu ya kipande cha kiazi katika somo la wanga, nacho kiazi kikageuka rangi na kuwa buluu iliyokoza.

Mwili hauwezi kutengeneza madini joto. Lazima uyapate katika chakula, lakini kiasi kinachohitajika ni kidogo cha ajabu. Mtoto wa umri wako huhitaji mikrogramu 120 kwa siku, na mtu mzima 150. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni moja. Fanya hesabu hii: mikrogramu 150 kila siku, kwa siku 365, kwa miaka 60. Jibu ni gramu tatu na kitu. Yaani madini joto yote ayatakayo mtu katika miaka 60 hayajazi hata kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo hawezi kuyala yote siku moja akamaliza. Huyahitaji kidogo kidogo, siku zote.

Je, thairoksini hutoa maagizo gani? Damu huifikisha kwenye misuli. Huko hupunguzwa atomu moja ya madini joto, na hapo ndipo huwa na nguvu zaidi. Kisha huingia ndani ya kiini cha seli, mahali yanapohifadhiwa maagizo ya kutengeneza kila protini. Homoni huchagua baadhi ya maagizo hayo na kuamuru yatekelezwe: tengeneza wachungaji wa kalsiamu wa kutosha, tengeneza nyuzi zenye kujikaza upesi, ongeza mitokondria, zile sehemu ndogo za seli ambamo chakula huunguzwa ili kutoa nishati na joto.

Nguvu ya maagizo haya ilionekana wazi katika jaribio lililotangazwa mwaka 1912. Mwanasayansi aitwaye Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya shingo ya wanyama. Viluwiluwi hao waligeuka vyura kabla ya wakati wao, wakawa vyura wadogo mno. Fikiri kinachotokea kiluwiluwi anapogeuka chura. Misuli ya mkia huyeyuka, na misuli ya miguu huota. Homoni ile ile huivunja misuli mahali pamoja na kuijenga mahali pengine.

Thairoksini inapopungua

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa mlimani. Tuseme tezi yake ya shingo imechoka na haitoi thairoksini ya kutosha. Nini kinatokea katika mapaja yake?

Kwanza, wachungaji wa kalsiamu wamepungua. Amri ya kujikaza inafika, vifuko vinafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikaza. Kisha unachelewa kulegea. Waganga hulipima jambo hili kwa njia rahisi sana. Mgonjwa hupiga magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia nje. Mganga hugonga taratibu, kwa nyundo ndogo ya mpira, kano nene iliyo juu ya kisigino. Kwa mtu mwenye afya wayo huruka ghafla na kurudi papo hapo. Kwa mtu aliyepungukiwa na thairoksini wayo huruka, halafu hurudi polepole, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe. Unaweza kulijaribu jambo hili na mwenzako kwa kutumia ubavu wa kiganja. Usitumie fimbo wala jiwe.

Mara nyingine mganga hugonga msuli wenyewe, kwa mfano ule wa bega. Kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe mdogo hutokea pale palipogongwa, ukakaa sekunde kadhaa ndipo ukashuka. Kalsiamu imetoka, na wachungaji hawajairudisha.

Pili, nishati inakuwa haba. Mitokondria zimepungua. Sukari iliyowekwa akiba ndani ya msuli, iitwayo glaikojini, ipo, lakini msuli hauwezi kuivunja upesi wakati wa kazi. Ni kama mtu mwenye ghala la mahindi lakini kinu chake kinasaga kibaba kimoja kwa saa. Akikaa kitako hatapata shida. Akiamka kupanda mlima, mahitaji yanazidi kile kinachosagwa, naye hana budi kusimama. Tena, kwa kuwa misuli ndiyo mojawapo ya majiko makubwa ya mwili, jiko likipungua moto mwili mzima huhisi baridi. Hiyo ndiyo sababu ya lile sweta.

Tatu, nyuzi zenyewe hubadilika. Misuli yetu ina nyuzi za namna mbili. Zipo nyuzi za haraka, zinazotumika kukimbia na kuruka, na nyuzi za polepole, zinazotumika kusimama na kutembea muda mrefu. Thairoksini inapopungua, nyuzi za haraka hukonda na sehemu ya kazi yake huchukuliwa na zile za polepole. Mtoto huweza kutembea kwenda shuleni, ila katika mbio za meta 100 hubaki nyuma.

Jambo la nne ni la kushangaza, nalo limewapotosha watu wengi. Katikati ya nyuzi za msuli hukusanyika vitu vyenye kuteleza ambavyo hushika maji, na misuli huvimba. Mara chache, mtoto aliyekaa muda mrefu bila thairoksini ya kutosha huwa na ndama za miguu nene na ngumu, hata mtu akimwona humdhania kuwa mcheza mieleka. Lakini mpe mfuko wa viazi aunyanyue, na utaona kwamba unene ule hauna nguvu. Kwa hiyo usiupime msuli kwa macho.

Misuli inayodhoofika zaidi ni ile mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, yaani ya nyonga, mapaja na mabega. Mgonjwa hupata taabu kupanda ngazi, kuinuka kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu, au kuinua mikono juu kwa muda ili kuanika nguo au kusuka nywele za mwenzake. Misuli humuuma na kumkaza. Baadhi ya protini zilizopaswa kukaa ndani ya misuli huvuja zikaingia katika damu, na fundi wa maabara anaweza kuzipima humo.

Je, kila mtoto mzito ana ugonjwa huu?

La. Na hapa lazima tuwe waangalifu. Upungufu wa damu, minyoo, malaria, njaa na kukosa usingizi huwadhoofisha watoto wengi zaidi kuliko tezi ya shingo. Tena, mtoto aliyepungukiwa na thairoksini kwa kawaida huonyesha dalili nyingine pamoja na uzito wa misuli. Huona baridi kupita wenzake, ngozi yake hukauka, hupata choo kwa shida, husinzia, na hasa hukawia kukua kwa kimo. Hata hivyo dalili hizo peke yake hazitoshi. Ukweli hujulikana kwa kupima damu.

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere. Kazi yake mojawapo ni kuisimamia tezi ya shingo. Thairoksini ikipungua katika damu, tezi hiyo ndogo hutuma homoni yake kuamrisha, "Ongeza kazi!" Thairoksini isipoongezeka, hutuma amri zaidi na zaidi. Mganga akikuta katika damu amri ni nyingi na thairoksini ni kidogo, hujua kwamba tezi ya shingo imeshindwa.

Amri hizo nyingi zina matokeo mengine pia. Tezi ya shingo inayoamrishwa mchana na usiku, lakini haina madini joto ya kutengenezea homoni, huanza kukua. Hukua ili iweze kunasa kila chembe ndogo ya madini joto ipitayo katika damu. Uvimbe unaotokea huitwa rovu. Watu huliona rovu kuwa ni ugonjwa wenyewe, kumbe mara nyingi ni juhudi ya tezi ya kujitafutia riziki. Wengi wenye rovu hufanikiwa kupata thairoksini ya kutosha kwa njia hiyo, na misuli yao hufanya kazi vizuri. Wengine tezi zao hukua na bado hazitoshelezi. Kinyume chake, mtu anaweza kupungukiwa na thairoksini bila kuwa na rovu lolote. Wapo waliozaliwa bila tezi, au na tezi isiyotimia. Wapo pia ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na viini vya magonjwa, imeigeukia tezi yao na kuiharibu.

Kwa nini Ukinga?

Madini joto mengi ya dunia yamo baharini. Samaki wa baharini wanayo, na mwani unayo kwa wingi. Ni katika majivu ya mwani kwamba Mfaransa Bernard Courtois aliyagundua mwaka 1811. Udongo wa bara huwa nayo kidogo, na udongo wa milima yenye mvua nyingi huwa nayo kidogo zaidi, kwa kuwa maji yamekuwa yakiuosha kwa maelfu ya miaka na kuyapeleka mabondeni na baharini. Viazi vilivyooteshwa katika udongo huo vinaweza kuwa vikubwa na vitamu, na bado vikakosa madini joto. Mlaji hawezi kulitambua hilo kwa ulimi.

Mwaka 1965 ulichapishwa uchunguzi wa daktari Michael Latham kuhusu rovu katika Ukinga. Daktari huyo alizaliwa Tanganyika na kufanya kazi ya udaktari humu nchini. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba rovu lilikuwa limeenea mno katika milima hiyo. Wakati huo, kuwa na shingo iliyovimba lilikuwa jambo la kawaida katika vijiji vingi vya nyanda za juu.

Ukinga haikuwa peke yake. Uswisi, nchi ya milima huko Ulaya, ilikuwa na taabu ile ile. Mganga wa upasuaji Theodor Kocher wa mji wa Bern aliwakata wagonjwa wengi rovu, na baadhi yao aliwaondolea tezi yote. Mwaka 1883 alieleza habari ya wagonjwa hao aliowatazama tena baada ya muda. Walikuwa wamechoka, miguu na mikono yao ilikuwa mizito na dhaifu, na walifanya kila kitu polepole. Watoto miongoni mwao walikuwa wameacha kukua. Kocher hakuficha matokeo hayo, ingawa yalikuwa ya kumhuzunisha. Aliyatangaza, akaacha desturi ya kuondoa tezi yote kwa ajili ya rovu. Ni kutokana na uaminifu wa namna hiyo kwamba watu walitambua tezi ya shingo ina kazi kubwa. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Tiba nayo ilipatikana upesi. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mwanamke wa miaka 46 kwa maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mwanamke huyo aliyekuwa amevimba na mzito alipata nafuu, akaishi hadi umri wa miaka 74. Murray alihesabu kwamba katika miaka hiyo 28 mama huyo alikuwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870! Siku hizi hakuna haja ya kuchinja kundi la kondoo. Thairoksini hutengenezwa viwandani, na mgonjwa humeza kidonge kimoja kwa siku.

Kurudishiwa kilichopungua

Mtoto wetu akipelekwa hospitali na damu yake ikapimwa, anaweza kutibiwa. Kijijini Ikonda kwenyewe ipo hospitali kubwa iliyojengwa na wamisionari wa Consolata katika miaka ya 1960, na watu hufika hapo kutoka mbali kutafuta matibabu. Mganga ataanza na kipimo kidogo cha thairoksini, kisha atapima tena damu na kurekebisha. Misuli haitapona kwa siku moja. Wachungaji wapya wa kalsiamu wanapaswa kutengenezwa, mitokondria ziongezeke, na maji yaliyoshikwa katikati ya nyuzi yaondoke. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, pengine miezi. Wagonjwa wengine huacha dawa katika mwezi wa kwanza wakidhani haifai, na wengine huiacha wanapopata nafuu. Wote wawili hukosea. Wala mtu mwenye afya asimeze vidonge vya mgonjwa akitumaini kupata nguvu, kwa sababu thairoksini ikizidi nayo huikondesha misuli na kuusumbua moyo.

Lakini iwapo shida ni ya kijiji kizima na chanzo chake ni udongo, vidonge vya hospitali si jibu. Kinachotakiwa ni kuyarudisha madini joto katika chakula cha kila mtu. Uswisi ilianza mwaka 1922 kuyatia katika chumvi, kwa kuwa tajiri na maskini wote hula chumvi, na kiasi wanachokula kwa siku hakitofautiani sana. Nchini kwetu, katika miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika zaidi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, ambavyo kimoja huweza kumkinga mtu kwa mwaka mmoja au zaidi. Kazi hiyo iliongozwa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973. Katika miaka ya 1990 ikatungwa sheria kwamba chumvi ya kuliwa itiwe madini joto. Hivyo chumvi inayotoka katika mashamba ya chumvi ya pwani au katika chemchemi za Uvinza, Kigoma, hupanda milima ya Ukinga ikiwa imebeba kile ambacho mvua ilikichukua zamani.

Chumvi hiyo huhitaji kutunzwa. Madini joto hupotea yakipigwa na jua, unyevu na moto. Chumvi iliyoachwa wazi kando ya mafiga, au iliyonyeshewa gulioni, yaweza kuwa imebakia chumvi tu. Iweke ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, na uitie katika mboga inapokaribia kuiva. Kina mama wajawazito huyahitaji madini joto kuliko watu wote, kwa sababu mtoto aliye tumboni huitegemea thairoksini ya mama yake kabla tezi yake mwenyewe haijaanza kazi. Mtoto mchanga aliyeikosa huweza kuzaliwa akiwa amelegea viungo na mvivu wa kunyonya, na asipotibiwa upesi akili yake haitakua ipasavyo. Hilo ni baya kuliko udhaifu wowote wa misuli, kwani misuli ikipewa thairoksini hupona, lakini ubongo uliochelewa mno haurudi nyuma kujengwa upya.

Kazi ya kufanya

1. Uliza nyumbani chumvi inawekwa wapi, na mboga hutiwa chumvi wakati gani. Soma maandishi yaliyo juu ya pakiti ya chumvi. Je, yametaja madini joto?

2. Wewe na mwenzako mhesabu ni mara ngapi kila mmoja anaweza kuinuka na kuketi juu ya kigoda kwa nusu dakika bila kutumia mikono. Ni misuli gani inayochoka kwanza?

3. Mtu mmoja alisema, "Kulegea kwa msuli hakuhitaji nishati." Mjibu kwa kutumia mfano wa mbuzi na wachungaji.

4. Kwa nini mtu wa Ukinga aliyekula viazi vingi kila siku aliweza kupata rovu, na mvuvi wa Kilwa asipate?

5. Mtoto ana ndama za miguu nene lakini hawezi kupanda mlima. Eleza jinsi hali hiyo inavyowezekana.